Mahafali ya darasa la saba: hesabu dakika kabla ya kuhesabu maputo

Kila mwaka, mtihani wa taifa wa darasa la saba ukishapita tu, simu yangu hujaa ujumbe wa walimu wa shule jirani: "Mwalimu, ninyi mahafali mnayapangaje mpaka watu wanakula saa saba?" Nafundisha Hisabati kwenye shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Ukatibu wa kamati ya mahafali umenigandia kwa sababu moja: wenzangu wakikaa kikao wanahesabu maputo, mimi nahesabu dakika.

Niseme mapema ninachokiamini, asiyekubali asipoteze bando lake. Kutoka maandamano ya wahitimu hadi sahani ya pilau, saa tatu zinatosha. Hawa ni watoto wa miaka 13, wamevaa joho jeusi la poliesta juu ya sare, juani, na wengi hawakunywa chai kwa kiherehere cha asubuhi. Mahafali mengi ninayoalikwa yanaanza saa tano badala ya saa tatu, yanakwisha saa kumi, na mpaka hapo wahitimu wawili watatu wamekwisha kubebwa kupelekwa kivulini. Halafu MC anasema shughuli imefana.

Tuanze na tarehe. Mtihani hufanyika siku mbili, kwa kawaida wiki ya pili ya Septemba: mwaka 2024 ulikuwa tarehe 11 na 12, mwaka 2025 tarehe 10 na 11. Shule za bweni mara nyingi huchukua Jumamosi ya karibu kabisa ili mzazi aje mara moja, asherehekee, aondoke na mtoto na godoro lake. Ni busara. Shule za kutwa zina nafasi zaidi, ila msivuke mwanzoni mwa Oktoba. Vuli ikianza, turubai linakuwa bwawa, na mwishoni mwa Oktoba darasa la nne wana upimaji wao wa kitaifa. Hutaki spika zinajaribiwa uwanjani huku wao wanarudia masomo. Wapo wanaofanya mahafali Agosti, kabla ya mtihani. Siwaelewi. Mtoto aliyekwisha kukata keki ya kuagana, kumrudisha kwenye sehemu na desimali ni kazi ya kanisa na msikiti, si ya mwalimu.

Siku yenyewe, Jumamosi inafaa wengi, lakini kama mna familia za Wasabato ziulizeni kabla kadi hazijachapwa. Ijumaa ina swala ya mchana, Jumapili ina ibada mpaka saa sita. Hakuna siku isiyo na mwenyewe. Chagueni baada ya kuuliza, si baada ya kulaumiwa kwenye grupu la wazazi.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, maana kila shule ina kipimo chake. Mchango wa mahafali uandikwe kwa kichwa cha mtoto, vitu vyote vikiwa vimetajwa: joho, cheti, chakula cha wageni wake, picha, turubai. Na usichanganywe na ada. Zipo shule ambazo mhasibu hugeuza mahafali kuwa mtego: hujamaliza ada, mtoto havai joho. Deni ni la mzazi, na ofisi ya kulidai ipo mwaka mzima. Kwa hiyo kwetu orodha ya majoho inatoka kwa mwalimu wa darasa, na mhasibu anaiona siku ya shughuli kama watu wengine.

Majoho. Wengi tunayafuata Kariakoo, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, mtu anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Kabla hajapanda treni, kila mtoto apimwe kwa utepe wa fundi, kutoka begani hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu, na namba iandikwe mbele ya jina lake. Msikadirie kwa macho. Darasa la saba lina msichana ambaye amekwisha kumpita mwalimu wake kwa urefu, na jirani yake kwenye dawati ni mvulana ambaye joho la saizi yake litapatikana kwenye kapu la chekechea. Kofia ndizo zenye vituko. Ile bapa ya pembe nne haikai kwenye kichwa kilichonyolewa, inateleza usoni kila mtoto akiinama kupokea cheti. Shonea lastiki nyembamba kwa ndani, nyuma ya kisogo. Kwa wenye nywele nyingi, pini mbili za nywele kila upande. Mwambie matroni awe na pini za ziada mfukoni. Ndani ya joho mtoto avae shati jepesi, sweta libaki bwenini hata kama nembo ya shule ni nzuri namna gani.

Sasa mgeni rasmi, maana hapa ndipo mahafali mengi hufia. Mkurugenzi wa shule ya binafsi atataka mbunge au mkuu wa wilaya, kwa sababu picha ile itakaa kwenye kipeperushi cha kutafutia wanafunzi wa mwakani. Simlaumu, shule ni biashara pia. Ila mkubwa ana ziara tatu siku hiyohiyo, na ya kwenu si ya kwanza. Chaguo langu, nikiachiwa, ni mtu mwenye muda wake: mwanafunzi wa zamani ambaye sasa ni muuguzi au mhandisi, mwalimu mkuu mstaafu, meneja wa benki ya mtaani. Huja kwa wakati na hotuba yake watoto wanaielewa. Mkipewa mkubwa, barua iende wiki sita kabla, risala ipelekwe ofisini kwake wiki moja kabla ili majibu asiyatunge garini, na kuwe na mtu aliyekubali kimyakimya kushika nafasi yake ikifika saa tano kamili kiti kikiwa kitupu.

La muhimu kuliko yote, ratiba ianze bila yeye. Sisi huenda hivi. Saa nne kamili wahitimu wanaingia kwa maandamano, skauti mbele, wimbo wa taifa, sala ya Kiislamu na ya Kikristo. Hiyo ni dakika 20. Dakika 40 zinazofuata ni za burudani: ngoma, ngonjera, sarakasi, wale wadogo wa awali ambao hucheza kila mmoja mtindo wake na ukumbi mzima hupiga vigelegele. Haya yote mgeni rasmi akiyakosa, hakuna kilichoharibika. Saa tano ndipo yanakuja yanayomhitaji: risala, taarifa ya mwalimu mkuu, neno la mkurugenzi, yote dakika 25. Wimbo na igizo fupi, dakika 15. Vyeti dakika 20, zawadi 15, hotuba 20, keki 10, shukrani na picha ya pamoja 15. Jumlisha mwenyewe, inaangukia saa saba kamili.

Dakika huibwa sehemu mbili. Ya kwanza ni salamu. Kila anayeshika maiki huanza upya: mheshimiwa mgeni rasmi, mkurugenzi, mwenyekiti wa bodi, afisa elimu kata, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, viongozi wa dini, wazazi na walezi, mabibi na mabwana. Wasemaji sita kwa dakika mbili kila mmoja, umepoteza dakika 12 kabla mtu hajasema lolote. MC awataje wote mara moja, vizuri, kwa vyeo vyao. Kisha waambieni wasemaji, ana kwa ana na siku moja kabla, kwamba wanaofuata wote ni "itifaki imezingatiwa" basi.

Sehemu ya pili ni kutaja majina. Tuseme wahitimu ni 48. Kila mmoja akiitwa, shangazi akatoka nyuma na kanga na maua yale ya karatasi ya kung'aa, akamvisha, akacheza, akapiga picha, akarudi kumwita bibi naye aje, hiyo ni dakika mbili kwa uchache. Mara 48 ni dakika 96. Saa nzima na nusu, na mtoto wa herufi Z bado amesimama. Dawa si kuwaita watano watano kama wagonjwa wa zahanati; kila mtoto ana haki ya jina lake kamili kusikika kwenye spika. Dawa ni kutenga mahali. Mtoto anaitwa, anapokea cheti, anapeana mkono, picha moja, anateremka upande wa pili. Pale chini, hatua kumi na tano hivi kutoka jukwaani, kuna kivuli na kitambaa cha nyuma cha kupigia picha, na ndiko ukoo wake unakomsubiri na maua, wacheze mpaka waridhike. Jukwaani mtoto anatumia sekunde 25. Mara 48 ni sekunde 1,200, yaani dakika 20. Na anzeni kuzoea hesabu hii, kwani mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya, ambao shule ya msingi inaishia la sita, litamaliza pamoja na darasa la saba la mwisho, na wahitimu watakuwa karibu mara mbili.

Pale kwenye kivuli simamisha mwalimu mmoja mwenye macho. Yupo mtoto ambaye mama yuko kazini Mtwara na baba hakupata ruhusa. Ameshuka na cheti mkononi, anaangalia huku na huku, wenzake wanamezwa na ndugu. Mwalimu huyo awe na maua sita ya akiba shingoni mwake mwenyewe, kama vile ni pambo, na amvishe kabla mtoto hajamaliza kugeuka. Matroni na dereva wa basi la shule wapewe kazi hiyohiyo. Dereva hasa, amewabeba miaka saba, anajua nani hutapika kwenye kona.

Risala waandike watoto. Ukurasa mmoja na nusu: walianza wangapi, wamemaliza wangapi, wavulana na wasichana, wamefaulu nini, kipi kinawasumbua, shukrani. Walimu tuna kawaida ya kuingiza malalamiko yetu kinywani mwa mtoto, unasikia mhitimu wa miaka 13 anaomba "maslahi ya watumishi yaboreshwe" na mkurugenzi anageuka kutuangalia. Wakiachwa waandike wenyewe wataomba bomba la bwenini lirekebishwe na maharage yachambuliwe mawe. Hayo yatafanyiwa kazi.

Zawadi ziwe vitu vitakavyotumika kidato cha kwanza: mkebe wa hesabu, kamusi, begi imara. Msiishie kwa wa kwanza hadi wa tatu. Kuna mtunza bustani, kuna aliyekuwa akigonga kengele bila kuchelewa.

Chakula ni hesabu pia. Wahitimu 48, kila mmoja kadi za wageni wanne, hao ni 240. Walimu na wafanyakazi 30, meza kuu na wageni wa shule 20, watoto wa burudani 50. Jumla 340. Ongeza sehemu ya kumi kwa wale wanaokuja bila kadi, maana watakuja: 374. Kilo ya mchele kwa pilau hulisha watu wanane, kwa hiyo ni kilo 47, nunua 50. Mchinjaji awe Muislamu, na wazazi wajulishwe hivyo, ili asiwepo mtu wa kugeuzageuza nyama kwenye sahani. Wahitimu wapakuliwe sambamba na meza kuu, siyo baada ya wageni wote. Hili huwa naligombania kila mwaka na kila mwaka kuna mjumbe anayeona ni utovu wa adabu. Ni watoto, wana njaa, na siku ni yao.

Maturubai yapangwe ili migongo ya wahitimu ielekee mashariki, jua la saa nne lisiwapige machoni. Ndoo za maji ya kunywa zikae nyuma ya viti vyao, si jikoni. Jenereta liwashwe siku moja kabla na liungurume nusu saa, siyo kuguswa tu na kusemwa zima. DJ apewe orodha ya nyimbo, na mwalimu asiye mzito wa kusikia azisikilize zote mpaka mwisho, kwa sababu singeli nyingi huanza na utani na kumalizia kwingine. Mapambo mwachieni mwalimu wa chekechea, yeye anajua.

Jambo la mashati. Mtawakataza wasiandikiane kwa kalamu za wino mzito na wataandikiana, hata kwenye shati jipya ambalo mdogo mtu alitarajia kulirithi. Nunueni mita nne za kitambaa cheupe, mkibane ukutani nyuma ya darasa tangu Ijumaa, na kalamu za rangi zote. Wataandika pale majina, namba za simu za mama zao, na mengine ambayo mwalimu wa nidhamu hatakiwi kuyasoma kwa karibu.

Ikifika saa tisa, majoho yarudi kwa namba zilezile za utepe wa fundi, joho na kofia pamoja, mtoto akitiwa alama mbele ya jina lake. Kofia hupotea kuliko majoho, kwani wadogo zao hukimbia nazo. Daftari hilohilo mzazi asaini anapomchukua mtoto, na mwalimu wa zamu abaki getini mpaka mstari wa mwisho usainiwe, simu yake ikiwa na chaji na vocha.