Bia ya hopsi kwa joto la Mtwara

Maelekezo yanayokuja na kopo la kimea, rojo nzito ya kupikia bia nyumbani, yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi, wanaohangaika kuipatia joto ndoo yao ya kuchachushia. Hapa Chikongola, ikifika Novemba, ndani kwangu nyuzi 31 ni kawaida. Kwa hiyo naanza na hamira.

Kipakiti cha hamira kilicho chini ya mfuniko wa kopo kinapenda nyuzi 18 hadi 22. Ukikitumia kwenye joto letu, bia inanuka ndizi na rangi ya kucha, na kesho yake kichwa kinagonga. Agiza kveik, hamira ya asili ya wakulima wa Norwei: hiyo hata nyuzi 35 inachacha vizuri. Ukiikosa, subiri kusi, Juni hadi Agosti. Weka ndoo kwenye beseni la maji, ifunike khanga iliyolowa, na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni.

Kila kitakachogusa bia kioshwe, kisha kipitishwe kwenye dawa ya kuua vijidudu. Hapo sina mjadala.

Chemsha lita 4 za maji. Kile kipakiti cha kopo usikitupe; kimimine humo kichemke dakika 10, kiwe chakula cha kveik, maana inakula sana. Ongeza kopo lenyewe, la kilo 1.7, na badala ya kilo ya sukari weka kilo ya kimea cha unga. Sukari inaongeza ulevi tu, bia inabaki nyepesi mdomoni kama maji. Koroga, zima jiko.

Sasa hopsi, maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu. Huuzwa zikiwa vidonge vya kijani, mfano wa chakula cha sungura. Sugua kimoja viganjani, mkono unanata na kunukia ndimu na embe. Hiyo harufu ndiyo tunayoitafuta, na ukizichemsha inakwenda na mvuke, unabaki na uchungu, ambao kopo tayari linao. Acha sufuria ishuke hadi nyuzi 80, tumbukiza gramu 30 za Citra, aina mojawapo ya hopsi, ndani ya mfuko wa kitambaa kilichochemshwa, dakika 20, kisha toa.

Mimina kwenye ndoo, jazia maji yaliyochemshwa na kupoa hadi lita 20 (kopo litakwambia 23, usilisikilize). Nyuzi zikishuka hadi 35, nyunyiza kveik, funika.

Uraka, pombe ya mabibo, hunywewa ungali mchanga. Hii haitaki haraka hiyo. Siku ya nne au ya tano pima kwa haidromita, kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki. Kutoka kama 1.044 inapaswa kufika karibu na 1.011, na isome hivyohivyo siku mbili mfululizo, la sivyo chupa zitapasuka. Ikitulia, weka gramu 60 za hopsi moja kwa moja ndooni, siku 3.

Unapojaza chupa, tumia mpira unaofika chini kabisa, bia isirukeruke: hewa inaua harufu ya hopsi upesi. Sukari gramu 3 kwa chupa ya nusu lita. Chupa ziwe za kahawia, kwa sababu mwanga unaiharibu. Baada ya wiki mbili ziingize kwenye friji, na uzimalize ndani ya miezi miwili, harufu ingali hai. Masimbi, yaani mashapo, yaache ndani, kwenye kitako cha chupa.