Jinsi ya kuomba leseni ya kupima uchafuzi kwenye mlango wa Mto Sabaki, mkiwa na wenzenu wa ng'ambo

Maji ya Mto Nairobi, pamoja na yote yanayotupwa humo, huishia Athi. Athi ukishakutana na Tsavo unaitwa Galana, Galana ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, kisha unamwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui ukiwa mwekundu kwa udongo. Ukichota tope la mlango huu umechota safari nzima ya mto, ndiyo maana watafiti wa nje hupiga hodi. Nimewahi kuandaa makaratasi ya miradi ya aina hii, na nakwambia fomu ya mtandaoni si tatizo. Tatizo ni tope lenyewe: nani anaruhusu lichotwe, na nani anaruhusu lipande ndege.

Kabla ya kufungua mfumo

Leseni hutolewa na NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, chini ya sheria ya mwaka 2013. Mgeni lazima ashikamane na taasisi ya Kenya. Kwa mambo ya bahari wengi hubisha hodi KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mombasa, au chuo kikuu chenye idara inayohusika. Barua ya ushirika mtakayopewa itaje jina la mradi neno kwa neno kama lilivyo kwenye andiko, yaani maelezo ya mradi mtakayopeleka NACOSTI. Ombi moja nililolishughulikia lilirudi kwa sababu barua ilisema "ubora wa maji" huku andiko likisema "metali nzito kwenye mashapo", yaani kwenye tope lililotuama chini. Wiki tatu zikapotea kwa maneno mawili.

Hapohapo andikianeni makubaliano, urafiki mkauweke kando kidogo. Data itakaa wapi? Majina kwenye makala yatapangwaje? Nani analipia boti? Na sampuli zigawanywe, nusu ibaki nchini. Watu hudhani hilo ni suala la heshima tu, kumbe lina faida ya kisayansi: tope lilelile likipimwa Mombasa na likapimwa Ulaya, mtajua kama tofauti ya namba imetoka mtoni au imetoka kwenye mashine.

Andiko

Hapa ndipo pa kutumia muda wenu. "Tutakusanya sampuli katika pwani ya Kenya" haitoshi, kwani leseni hutolewa kwa utafiti uliotajwa, mahali palipotajwa na kipindi kilichotajwa. Andika hivi: vituo sita kutoka daraja la Sabaki hadi mdomoni, kila kimoja na majira-nukta yake (latitudo na longitudo), lita moja ya maji na gramu 500 za mashapo kwa kila kituo, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Hayo ya maji kupwa na kujaa msiyaruke. Pale mlangoni, mahali pamoja huwa mto asubuhi na bahari mchana. Namba ya naitrati isiyo na saa ya maji wala kiwango cha chumvi haimsaidii mtu. Halafu kuna pepo. Wakati wa kaskazi tope la Sabaki husukumwa kusini, kwenye matumbawe ya Malindi. Wakati wa kusi huelekea kaskazini, upande wa Mambrui. Mradi wa miezi mitatu utaona upande mmoja tu, kwa hiyo ombeni mwaka mzima, na tarehe ya kuanza iwe mbele kidogo, isiwe siku ya kutuma ombi.

Kama mtawahoji wavuvi au wakazi, pitisheni andiko kwanza kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Cheti chake huambatishwa.

Kutuma ombi

Fungua akaunti kwenye mfumo wa NACOSTI, jaza, pandisha andiko, barua ya ushirika, kitambulisho au pasipoti na cheti cha maadili kama kinahitajika, kisha lipa. Ada hutofautiana kati ya Mkenya na mgeni, mwanafunzi na mtafiti. Soma kiwango kilichopo siku hiyo, usitegemee cha rafiki yako wa mwaka juzi.

Leseni ikitoka, isome masharti

Wengi huchapisha ukurasa wa kwanza wakashangilia. Masharti yanasema wazi kwamba ukusanyaji wa vielelezo unahitaji ruhusa zaidi kutoka idara husika, na kwamba leseni hiyo haikupi mamlaka ya kuhamisha nyenzo za utafiti. Yaani una leseni mkononi na bado huna ruhusa ya kutoka na chupa.

Kwa hiyo endelea. Vituo vyenu vikishuka kusini hadi ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, mtahitaji ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori. Mkitaka kusoma DNA ya viumbe waliomo kwenye tope, hiyo ni rasilimali ya kijenetiki: kanuni za mwaka 2006 zinadai kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na NEMA itataka kuona idhini ya utafiti pamoja na ridhaa ya wenyeji. Ndiyo sababu NACOSTI hutangulia. Sampuli zinazosafiri ziwe na mkataba wa kuhamisha nyenzo, na mwenzenu aulize kwao mapema kuhusu kibali cha kuingiza udongo, maana nchi nyingi haziupokei hivihivi. Mgeni atakayekaa miezi ashughulikie pia Uhamiaji. Leseni ya utafiti haimruhusu kuishi nchini.

Kabla ya kushuka majini, mjulisheni Kamishna wa Kaunti na Gavana wa Kilifi. Nalo ni sharti la leseni. Nendeni na nakala, mgongewe muhuri. Kisha mwoneni mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo cha wavuvi wa pale. Hilo fomu haisemi, ila yeye ndiye atakayewapa nahodha anayejua fungu la mchanga limehamia wapi tangu mafuriko, na viboko hulala upande gani.

Leseni haihamishwi kwa mtu mwingine, hivyo mtafiti akibadilika msijifanye hamkuona. Ripoti ya mwisho hupelekwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kazi kuisha: nakala moja ya karatasi, na nyingine ipandishwe kwenye mfumo utakaotajwa na NACOSTI.