Namna ya Kupima Mapokezi ya Albamu ya Rap: Mfano wa DAMN. ya Kendrick Lamar

Albamu ya rapa maarufu inapotoka, madai hutawanyika kwa pamoja: imevunja rekodi, imeuza nakala laki kadhaa, imepata platinamu, wahakiki wameikubali, imedhulumiwa tuzo. Kila dai lina kipimo chake, na anayevichanganya vipimo hivyo hubishana na wenzake bila kujua hasa wanabishania nini. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuvitenganisha kwa kufuata albamu moja, DAMN. ya Kendrick Lamar, rapa wa Compton, California, iliyotoka tarehe 14 Aprili 2017.

Kabla ya kugusa takwimu yoyote, panga tarehe za matukio yaliyoitangulia albamu, kwa kuwa mapokezi huanza kujengwa kabla watu hawajaisikia. Tarehe 23 Machi mwaka huo Lamar alitoa "The Heart Part 4", wimbo ambao haumo katika albamu, na ndani yake akawapa wapinzani wake muda hadi tarehe 7 Aprili. Wiki moja baadaye ukatoka "HUMBLE." pamoja na video yake. Tarehe 7 ilipowadia, kilichokuja kilikuwa nafasi ya kuagiza albamu mapema na tarehe rasmi ya kutoka kwake. Siku hiyo rasmi iliangukia Ijumaa Kuu, na baadhi ya mashabiki wakavumisha kwamba albamu ya pili ingefuata Jumapili ya Pasaka. Haikufuata. Hata hivyo uvumi wa namna hiyo uandike pembeni, kwa sababu unaonyesha kwamba tangu saa za kwanza watu waliisikiliza albamu hii kama fumbo la kufumbuliwa.

Sasa ingia kwenye takwimu ya wiki ya kwanza, na hapa usiwe na haraka. Chati ya albamu ya Billboard 200 ya Marekani iliipa DAMN. yuniti 603,000, yaani kipimo kinachojumlisha mauzo na usikilizaji wa mtandaoni, na kuiweka nambari moja. Wengi waliitangaza takwimu hiyo kana kwamba watu 603,000 walitoa fedha kununua albamu, jambo ambalo si kweli. Nakala zilizouzwa zilikuwa 353,000. Yuniti zipatazo 227,000 zilitokana na nyimbo kusikilizwa mtandaoni, na zile chache zilizobaki zilitokana na wimbo mmoja mmoja ulionunuliwa peke yake, ambapo nyimbo kumi zilihesabiwa kuwa albamu moja. Wakati huo kusikilizwa mara 1,500 kulihesabiwa kuwa yuniti moja, kwa hiyo nyimbo za albamu hii zilisikilizwa zaidi ya mara milioni 340 ndani ya siku saba.

Piga hesabu hiyo kwa upande wa msikilizaji mmoja. DAMN. ina nyimbo 14. Ili mtu atengeneze yuniti moja kwa kusikiliza tu, angelazimika kuicheza albamu nzima mara 107 hivi. Albamu yenye nyimbo 25 ingefikisha yuniti hiyo kwa kuchezwa mara 60. Ndiyo maana, kila unapoambiwa kwamba albamu fulani imeizidi nyingine, angalia kwanza kila moja ina nyimbo ngapi. Angalia pia mwaka, kwa sababu katikati ya 2018 Billboard ilibadilisha kanuni: wanaolipia huduma ya kusikiliza wakahesabiwa kwa mara 1,250, na wasiolipia kwa mara 3,750. Kulinganisha albamu za pande mbili za mabadiliko hayo bila kuyataja ni kumpotosha msomaji.

Ulinganisho wenye manufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa msanii na kazi yake mwenyewe. Mwaka 2015 albamu yake To Pimp a Butterfly ilianza na yuniti 363,000, na kati ya hizo nakala zilizouzwa zilikuwa 324,000. Miaka miwili baadaye mauzo halisi yalipanda kwa nakala 29,000 tu, ilhali yuniti kwa jumla zilipanda kwa 240,000. Wanunuzi walibaki karibu walewale; kilichofurika ni wasikilizaji wa mtandaoni. Sehemu ya ongezeko hilo ni ya Lamar na kibao chake cha "HUMBLE.", kilichokuwa wimbo wake wa kwanza kushika nambari moja kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard, akiwa msanii mkuu, na sehemu nyingine ni ya soko lenyewe, ambalo katika miaka hiyo lilikuwa likihamia mtandaoni kwa kasi.

Kuhusu platinamu, maelezo machache yanatosha. RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani, hutoa hadhi hiyo kwa yuniti milioni moja, tangu 2016 usikilizaji wa mtandaoni umejumuishwa humo, na ni lebo inayopaswa kuiomba. DAMN. iliipata Mei 2017, kabla ya mwezi mmoja kutimia. Kinachopima uimara ni mwisho wa mwaka: katika chati ya jumla ya Billboard 200 ya 2017, albamu hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Unapohamia kwa wahakiki, soma tarehe ya uhakiki kabla ya kusoma sifa zilizomo. Tovuti ya Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, iliipa DAMN. alama 95 kati ya 100, lakini sehemu kubwa ya maandishi hayo iliandikwa siku chache baada ya albamu kutoka. Baadaye mwaka huohuo Lamar alithibitisha kwamba nyimbo zinaweza kusikilizwa kuanzia wa mwisho kurudi wa kwanza, na Desemba likatoka toleo lililopangwa hivyo. Mhakiki wa wiki ya kwanza hakuwa na uthibitisho huo.

Usiwaache nje wasiopendezwa. Geraldo Rivera, wakati huo mtangazaji wa televisheni ya Fox News, aliwahi kulaumu onyesho la Lamar kwenye tuzo za BET za 2015, na sauti ya Rivera imo ndani ya "DNA.", wimbo wa albamu hii, ikijibiwa kwa mistari. Mapokezi ya kazi moja yamekuwa malighafi ya kazi iliyofuata, na chati haina safu ya kulihesabu jambo hilo.

Kwa upande wa tuzo, uliza nani anapiga kura. Januari 2018 wanachama wa Recording Academy, taasisi inayotoa tuzo za Grammy, waliipa kazi hii Grammy tano, ikiwemo ya albamu bora ya rap, lakini albamu ya mwaka ikawa 24K Magic ya Bruno Mars. Kelele za dhuluma zilikuwa nyingi, nami sizipi uzito mkubwa, kwa kuwa kura ya maelfu ya watu wa fani tofauti hueleza zaidi kuhusu wapiga kura. Uamuzi wa Pulitzer, tuzo ya Marekani ya uandishi wa habari, fasihi na muziki, wa Aprili mwaka huo ni wa aina nyingine kabisa. Jopo dogo lilipendekeza kazi tatu, mbili zikiwa za watunzi wa muziki wa kitaaluma, na bodi ikachagua DAMN. Tangu tuzo hiyo ya muziki ianze mwaka 1943, haikuwahi kwenda kwa kazi iliyo nje ya muziki wa klasiki na jazi.

Hatimaye sikiliza mwenyewe, kwa mipangilio yote miwili. Anza safari ya pili na "DUCKWORTH.", unaosimulia jinsi Anthony Tiffith, aliyekuja kuwa mwenye lebo ya Lamar, alivyopanga kuuvamia mkahawa wa KFC alikofanya kazi baba yake Lamar, na jinsi ukarimu wa baba huyo ulivyomwokoa. Malizia na "BLOOD.", ambamo msimulizi anapigwa risasi. Ukishamaliza, rudi kwenye uhakiki wa Aprili 2017 na uweke alama kwenye kila hoja inayotegemea mpangilio wa kwanza.