Nyara za mteja: kujaza hukuhuku halafu kutuma kwao

Mteja wa Marekani kamaliza kuwinda pori la akiba la Selous anataka nyara zake (ngozi, vichwa na pembe za wanyama aliowinda) zijazwe hukuhuku, yaani zitengenezwe zionekane kama mnyama mzima, kabla hazijasafiri? Poa, ila kazi inaanza porini sio kwa fundi wa kujaza, ngozi ichunwe fasta, masikio yapinduliwe, midomo ipasuliwe kwa ndani halafu chumvi, usibanie chumvi aisee, ukichelewa tu nywele zinanyonyoka na hapo hakuna fundi wa kukuokoa.

Makaratasi sasa. Kibali cha kutoa nyara nje, cheti cha daktari wa mifugo, na kwa kiboko, mamba au chui ongeza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Chui ndo ana mambo, mteja lazima awe na kibali cha kuingiza kutoka kwao Marekani, na akipate KABLA mzigo haujaondoka, sio uko njiani ndo anaanza kuulizia.

Mwambie mapema kabisa kuhusu nauli, maana ndege zinaangalia na ukubwa wa boksi sio kilo tu, na nyati wa mabega (aliyejazwa kichwa mpaka mabegani) anakula nafasi balaa. Pembe za tandala fundi azitengeneze za kuchomoka, boksi linapungua sana.