Unanunua shamba kijijini? Usianzie kwa balozi

Juzi nililetewa karatasi mbili za daftari zilizokunjwa mara nne. Ulikuwa mkataba wa shamba la michikichi, ekari tatu, upande wa Uvinza. Mashahidi ni watatu, wote wapwa wa muuzaji, na chini kabisa kuna muhuri wa balozi wa nyumba kumi. Pesa ilishalipwa yote. Sasa mdogo wa muuzaji ametokea Mpanda na kudai kwamba shamba ni la marehemu baba yao.

Kwa hiyo leo tuanze mwanzo.

Hatua ya 1. Jua shamba ni la nani. Muulize muuzaji kalipataje: alinunua, aligawiwa na kijiji au alirithi? Akisema alirithi, mwombe barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi, maana ukoo unapendekeza jina tu na anayeteua ni mahakama. Hata akiwa na barua, warithi wenzake wajue na wasaini. Kama ana mke au mume, naye asaini kuwa ameridhia. Wengi huona aibu kuuliza haya wakiwa wameshakaribishwa ugali na migebuka. Uliza tu.

Hatua ya 2. Tembea mipaka mchana, ukiwa na majirani wa pande zote nne. Jirani ndiye atakayekwambia kama mnyaa wa mpakani ulihamishwa.

Hatua ya 3. Nenda serikali ya kijiji. Hapa ndipo watu wanapoliwa. Balozi ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Anaweza kuwa shahidi mzuri, lakini hana mamlaka ya kuidhinisha mauzo ya ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Onana na mtendaji na mwenyekiti, ombi lako lijadiliwe kwenye kikao, kisha uchukue nakala ya muhtasari. Muhuri uliogongewa nyumbani kwa mwenyekiti saa mbili usiku si kikao.

Hatua ya 4. Andikeni mkataba: majina kamili, ukubwa, mipaka, bei, na michikichi iliyomo inauzwa au la. Lipa kwa benki ili ubaki na ushahidi. Lipia pia ushuru wa stempu, kwani bila ushuru huo, mkataba haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka uulipie.

Kiwanja cha mjini chenye hati kina njia yake: fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi, uone kama kimewekwa rehani.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mjomba alinikaribisha nilime shamba lake Kasulu mwaka 2009. Sasa wanawe wananitoa. Nasikia miaka 12 ikipita linakuwa langu?

Marahaba. Hapana, mwanangu. Ile miaka 12 ni muda wa mtu kufungua madai ya ardhi yake, na watu wameigeuza kuwa hati. Wewe uliingia kwa ruhusa, na mwalikwa habadiliki kuwa mwenyeji kwa kukaa sana. Mazao yako yaliyomo shambani ndiyo ya kuzungumzia na binamu zako, na mapema.

Mimi tayari nilinunua kwa balozi, miaka miwili iliyopita. Nimeshapoteza?

Si lazima, dada. Kama muuzaji yupo hai na hamna ugomvi, mchukue leo hii mwende kijijini mkaombe idhini na kuandikishana upya. Kesho akifariki utaanza kuongea na warithi.

Na yule wa Uvinza aende wapi?

Aanzie Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui nani mwenye ardhi. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimemwambia aende na majirani wa mpakani, wale wapwa watatu wabaki nyumbani kwanza.