Somo: RAM inayozingua mara moja moja kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, jinsi ya kumkamata mchawi

Wakuu habari zenu. RAM ni vile vijiti vya kumbukumbu ya muda ndani ya kompyuta. Hili somo ni la wale wenye kompyuta za mezani za zamani, zile za maofisini zinazokuja mtumba, leo inawaka safi unapiga kazi mpaka jioni halafu kesho inapiga milio tu skrini nyeusi, au inakaa masaa mawili inakuletea skrini ya bluu, ukiizima na kuiwasha inajifanya hakuna kilichotokea. Hapo wengi hukimbilia kupiga window upya. Window inapigwa, baada ya siku chache ugonjwa umerudi, inapigwa tena, na kumbe RAM mbovu inaharibu mafaili hata wakati window yenyewe inaingia, kwaiyo unajenga nyumba juu ya tope.

Utajuaje ni RAM? Mi huwa naangalia kitu kimoja kwanza, ujumbe wa skrini ya bluu. Kama kila siku ni uleule na unataja faili lilelile, hiyo mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani. Ila kama leo ni MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, hapo anza kuishuku RAM. Dalili nyingine, faili la zip linagoma kufunguka linasema limeharibika, ukilikopi upya kutoka palepale linafunguka. Kabla hujagusa kitu okoa kazi zako kwenye flashi, na ukopi tu, usikate na kubandika, maana RAM ikizingua katikati utakosa huku na huku.

Hatua ya 1. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Laza keisi, shika chuma chake mkono utoe ule umeme wa mwilini. Toa RAM zote, uziandike A, B, C kwa maka peni na uandike kila moja ilitoka sloti ipi, yaani nafasi inapochomekwa. Usiruke hii ya kuandika, ukishachanganya tu somo lote limekufa.

Hatua ya 2 ni usafi. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi na unyevu inakula vyuma polepole, meno ya RAM yanafifia na hapo ndo unapata ile ya mara inashika mara haishiki. Chukua raba nyeupe laini ya penseli, sio ile ngumu ya kufutia wino, futa meno taratibu pande zote mbili, fanyia mbali na mashine makombo yasiingie kwenye sloti. Malizia na kitambaa chenye spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa. Mafuta ya taa na petroli HAPANA. Sloti zipulize vumbi, usichokonoe na pini. Ukiwa humo ndani angalia na kepasita (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme) kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, ikiwa kichwa kimevimba au imevuja ute wa kahawia basi ugonjwa wako unaweza usiwe RAM kabisa, bodi nyingi za miaka ya 2000 zilikufa kwa hili.

Rudisha, bonyeza mpaka vishikio vya pembeni vilie ta! Kesi nyingi zinaishia hapa, sio utani.

Hatua ya 3, kama bado inazingua. Ingiza Memtest86+ kwenye flashi (ni programu ya kupima RAM, ya bure), iache RAM MOJA tu ndani, washa kwa kutumia flashi, uiache usiku kucha. Ile ya window yenyewe, mdsched, inafaa kwa haraka haraka ila tatizo la kuja na kuondoka inaweza kulipita bila kuliona. Na keisi iwe imefungwa na mashine ikae palepale inapokaaga siku zote, maana kuna RAM inaugua ikipata joto tu, ukiipima keisi wazi na feni ya chumbani inapuliza itakudanganya kuwa iko salama. Mstari mwekundu hata mmoja ni kosa, usijifariji eti ni moja tu.

Hatua ya 4 ndo penyewe. RAM iliyotoa makosa ihamishie sloti nyingine upime tena. Makosa yakiifuata, RAM imekufa, nunua. Makosa yakibaki kwenye sloti ileile hata ukiweka RAM iliyo salama, basi mbaya ni sloti au bodi, usinunue RAM. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha RAM na sloti na pawa saplai kwa pamoja ikapona hutajua umeponya nini, ikirudi unaanza sifuri.

Zote zikipita kila mahali na bado inazima zima, geukia pawa saplai, azima nyingine inayolingana uijaribu. Kama saa nayo inarudi nyuma kila ukizima, betri ya bodi imeisha, ile CR2032.

Karibuni maswali.

Swali: Mkuu RAM zangu nne moja moja zinapita usiku kucha, nikizirudisha zote makosa yanamwagika. Mbaya ni ipi?

Jibu: Huenda hakuna mbaya. Sloti zote nne zikijaa mzigo kwa bodi unakuwa mkubwa, hasa RAM zikiwa za kampuni na spidi tofauti. Pima mbili mbili kwanza ujue zipi zinaelewana. Kama lazima zote nne ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla window haijawaka), ikiruhusu shusha spidi, mfano 800 iwe 667, pima tena. Kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti.

Swali: Nina Dell OptiPlex 760, jirani yake ni 780 zinafanana kila kitu, nikachukua RAM ya 780 haizami kwenye 760, nikandamize?

Jibu: Usikandamize kaka!! 760 ni DDR2, 780 ni DDR3, hivyo ni vizazi tofauti vya RAM. Meno ni 240 kote ila pengo la katikati limekaa tofauti makusudi, na umeme wake ni tofauti, volti 1.8 na 1.5. Ukilazimisha unavunja sloti.

Swali: Mi nimepata ya GB 8 bei ya kutupa, DDR3 kweli na imeingia vizuri, ila mashine inapiga milio haiwaki.

Jibu: Soma stika, ukiona herufi R baada ya namba, kama PC3-10600R, hiyo ni ya seva, kompyuta za kawaida za mezani haziikubali. Ndo maana ilikuwa bei ya kutupa. Irudishe mapema.

Swali: Samahani, na ukigundua sloti ndo mbovu bodi inatupwa? Yangu ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha pili, sloti mbili za upande mmoja zote hazisomi.

Jibu: Dada usitupe. Kuanzia hizo Core i kinachoendesha RAM kiko ndani ya prosesa, sio kwenye bodi kama zamani. Upande mzima ukikata, fungua hitsinki (kile chuma cha kupoza prosesa), toa prosesa, mulika tochi kwenye soketi uangalie vijino vilivyolala. Kama huna mkono mtulivu mpe fundi wa simu anayetumia darubini. Ukirudisha paka thamo pesti mpya (ule ute wa kupitisha joto), skrubu zikaze kwa kupokezana pembe kwa pembe, maana zikikazwa upande mmoja tu prosesa inakaa vibaya na sloti zinapotea vilevile.

Swali: Asante, kumbe hitsinki ilifunguliwa mwezi uliopita kusafishwa vumbi.

Jibu: Basi anza na skrubu kabla hujatoa chochote. Zilegeze zote kidogo, kaza upya sawasawa, washa uangalie.