Shukuru kabla hujafika nyumbani
Nimemaliza miezi miwili ya kuzunguka na begi mgongoni, nikarudi kwa treni ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, hadi Dar es Salaam. Kwenye safari ya mwisho kama hiyo, pitia simu ulizopiga na miamala ya pesa tangu siku ya kwanza. Kila namba itakukumbusha mtu aliyekufaa. Mtumie ujumbe wa sauti ukitaja jambo moja tu alilokutendea: “Mama, ule uji wa alfajiri pale Mbeya ulinisimamisha” unamgusa kuliko asante kumi. Ukisubiri ufike, nguo chafu na kazi vitakumeza. Mbinu hii haiwafikii mlioachana bila namba. Hao waandike daftarini siku ileile, majina hupotea upesi mno.